Dira Zimetuzidi Mjini

Mama mwenye nyumba wetu alituma ujumbe kwenye kundi la wapangaji: "Wapendwa, kesho saa kumi jioni kikao. Ajenda ni moja tu, dira. Atakayekosa asinilaumu." Mwalimu mstaafu wa chumba cha uani akaupokea ujumbe ule kwa uzito wake wote. Yule mzee anasoma kila kitu, hata karatasi iliyofungia vitumbua. Alifika kikaoni kavaa koti, kalamu mfukoni, na daftari aliloandikia maoni yake kuhusu viwanda, kilimo cha umwagiliaji na lugha ya kufundishia. Akachagua kiti cha mbele. Mama mwenye nyumba akafungua kikao kwa kuuliza ni nani anayeosha toyo kwa mpira usiku watu wakiwa wamelala, maana dira inazunguka kama ina mashetani.

Mwalimu akalifunga daftari lake taratibu. Iliyojadiliwa ilikuwa dira ya maji.

Simlaumu Mwalimu hata kidogo. Ninayemlaumu ni huyo aliyelitwika neno moja mizigo ya watu sita halafu akaliacha lipande mlima peke yake. Neno dira hapa Arusha halina pa kupumzikia. Asubuhi liko ukutani ofisini, mchana liko kwenye hotuba, jioni liko redioni, na mwisho wa mwezi linabisha hodi likiwa na bili mkononi. Kifaa chenyewe kilichozaliwa na jina hilo, kile chenye sindano ya sumaku inayotafuta kaskazini, watu wengi wa mji huu hawajawahi kukishika.

Tuanze na ya maji, kwa kuwa ndiyo inayoniuma.

Dira yetu imelala pembeni ya geti, ndani ya kishimo kilichofunikwa kipande cha bati na tofali juu yake. Ukitaka kuisoma sharti upige magoti, uondoe utando wa buibui, ufute tope kwenye kioo kwa kidole gumba. Kuna tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu. Nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni vipande vyake, na pembeni kuna kinyota kidogo kinachozunguka maji yakipita. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Haya yote sikuyasoma popote, nimeyajua kwa kugombana. Nyumba ina wapangaji wengi na dira moja, na bili ikija inagawanywa kwa vichwa. Hapo ndipo utawajua majirani zako. Wa chumba cha kwanza anasema mtoto mchanga si kichwa. Mwenye mtoto mchanga anasema kijana anayeoga mara mbili kwa siku ahesabiwe vichwa viwili. Mimi nasema mgeni aliyekuja kusalimia kwa wiki moja, na sasa anajua majina ya mbwa wote wa mtaa, ni kichwa kamili chenye masikio yake.

Kuna siku tulifunga mabomba yote, ya ndani na ya nje, tukaenda kuinamia kile kishimo, watu wazima na akili zetu. Kinyota kikawa kinazunguka. Polepole, bila haya. Maana yake kuna bomba linavuja ardhini, na maji tunayoyalipia yanamwagilia migomba ya jirani ambaye hata salamu hatupi. Watu walikaa kimya wakikikodolea macho kile kinyota kwa utulivu ambao hata mahubiri hayaupati. Sidhani kama kuna dira nyingine nchini inayosomwa namna ile. Zile za ukutani nani anazipigia magoti?

Mtu wa mbali atacheka, aseme mko chini ya mlima wenye mito na bado mnagombea maji? Ndiyo, tunagombea, tena maji ya upande huu wa mlima Meru yana floraidi ya kutosha kutupaka meno rangi ya chai. Mimi meno yangu ni kitambulisho cha mkoa. Nikicheka Dar es Salaam, konda ananiuliza habari za Arusha kabla sijamwambia nimetokea wapi.

Haya, hiyo ya ukutani. Ingia ofisi yoyote, ya serikali au ya mtu binafsi, ingia shule, zahanati, hata gereji iliyosajiliwa juzi. Juu ya kichwa cha mhudumu utakuta fremu, na ndani ya fremu kuna DIRA, chini yake DHAMIRA, chini yake MAADILI YA MSINGI. Nimezisoma nyingi kwa sababu foleni zetu zinampa mtu nafasi nzuri ya kujiendeleza kielimu. Zote zinaanza na "Kuwa". Kuwa kinara. Kuwa kituo cha umahiri. Kuwa chaguo la kwanza Afrika Mashariki na Kati. Hao wa Afrika ya Kati sijui walituomba lini. Nimewahi kukuta duka la vipuri vya pikipiki lenye dira ya kuongoza soko la bara zima, na chenji ya elfu kumi hawana. Ukimaliza dira unaingia kwenye dhamira, na hapo akili inachoka, kwa sababu dhamira inarudia yale yale ikiongezewa "kwa kuzingatia" na "ili hatimaye". Siku moja nikamuuliza mhudumu, dada mstaarabu tu, dira na dhamira zinatofautianaje. Akageuka, akaitazama ile fremu kana kwamba ndiyo kwanza imetundikwa, akanijibu kwa upole, "Kaka, hiyo tuliikuta."

Wote hawa wamemwiga mkubwa wao. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilitungwa enzi za Rais Benjamin Mkapa na ikaanza kutekelezwa mwaka 2000. Wakati ule 2025 ilikuwa mbali kiasi kwamba mtu yeyote angeweza kuahidi chochote. Nami niliahidi: nitakuwa nimejenga. Taifa liliahidi kuingia uchumi wa kati, na kwa haki ya Mungu Benki ya Dunia ikatuingiza kwenye kundi hilo, ngazi yake ya chini, Julai 1, 2020, miaka mitano kabla ya tarehe. Mimi bado napanga. Kisha Julai 17, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kule Dodoma Dira 2050, inayolenga uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Zanzibar nao wana Dira 2050 yao, iliyopokea kijiti kutoka Dira 2020. Sina ugomvi na dira hizo, ni kazi ya watu waliosoma. Ugomvi wangu ni na mwenye duka wa mtaani kwetu. Siku hizi nikimwomba kilo ya sukari kwa daftari ananipigia hesabu palepale: "Mzee, dola zako elfu saba zikiingia tu, njoo tumalizane."

Nilikokulia mimi, neno hili lilikuwa la redio. Baba akisema "Nyamazeni, Dira!" maana yake ni Dira ya Dunia ya BBC, Idhaa ya Kiswahili, ile iliyoanza kurusha matangazo 1957, na hapo hata anayekohoa alitoka nje kwenda kukoholea huko. Mwaka 2012 Dira ya Dunia ikaingia na kwenye televisheni, Salim Kikeke akawa anatutazama usoni. Baba hakupendezwa. Alisema habari za vita hazihitaji mtu avae tai nzuri. Zanzibar neno hilohilo liliwahi kuwa gazeti, Dira, mhariri wake Ali Nabwa, na serikali ikalifungia mwaka 2003. Huku Bara nako likatokea Dira ya Mtanzania. Kwa hiyo nilikua nikijua dira ni kitu kinachosema. Nilipofika darasa la jiografia nikaonyeshwa kimshale kwenye kisahani, nikaona wamenipunja.

Binti yangu naye ana yake. Shule zikifunguliwa lazima inunuliwe mkebe wa hesabu, na ndani ya mkebe mna rula, kipimapembe, vile vipembetatu viwili ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuona vikitumika, na kile chombo cha miguu miwili cha kuchorea duara. Kitabu cha Hisabati kinakiita bikari. Watoto wanakiita kompasi. Muuza steshenari anakiita "hicho cha kuchomana", na nadhani yeye ndiye aliyekaribia ukweli, kwani wiki ya kwanza haiishi kabla penseli haijachomoka na kupotea, ikabaki ncha ya chuma peke yake, na hiyo ncha ndiyo iliyochonga majina yote unayoyaona kwenye madawati.

Sasa Kiingereza kina jina moja kwa vyote viwili, cha baharini na cha kwenye mkebe. Na siku hizi kuna watu wanatafsiri kwa simu huku wakila mahindi ya kuchoma. Binti akaleta nyumbani karatasi ya mazoezi iliyotolewa nakala huko madukani, swali la nne: "Kwa kutumia dira, chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 4." Nikamwita Mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akamwambia mtoto, "Mjukuu wangu, nenda getini ukachukue dira ya maji. Ni ya duara tayari, izungushie penseli."

Bikari hiyohiyo ukiifungua miguu ukaiweka juu ya skwea ya fundi unapata nembo ambayo nusu ya mji huu inaiogopa na nusu nyingine inaitafuta. Angalia nguzo za umeme. Katikati ya karatasi ya mganga wa kurudisha mpenzi na karatasi ya vyumba vya kupanga, utakuta tangazo la kujiunga na Freemason, utajiri wa haraka, piga namba hii. Freemason walichukua vifaa vya waashi, bikari na skwea, wakavifanya alama yao. Watu wetu wakiviona hawaoni uashi, wanaona gari la kifahari na kafara. Nilipita kijiweni na ule mkebe ukiwa wazi mkononi, chalii mmoja akaniita pembeni, sauti imeshuka: "Mzee, wewe umefika ngazi ya ngapi?" Nikamwambia la sita, mtihani wa mkoa mwezi ujao. Akatikisa kichwa kwa heshima. Tangu siku hiyo ananiamkia mara mbili.

Wanaopiga zile namba huambiwa watume kwanza hela ya fomu, na hela ikishatumwa fomu haiji wala simu haipokelewi. Wakati huohuo fundi aliyemjengea shemeji yangu choo anayo skwea halisi, ya chuma, anatembea nayo kiunoni. Sijaona akitajirika, na choo chenyewe ukikaa ndani unajikuta umeinama upande wa mlango.

Tuje kwenye kazi ambayo dira iliumbiwa, yaani kumwonyesha mtu njia. Hapo ndipo utalia. Arusha hakuna kaskazini wala kusini, kuna juu na chini. Juu ni mlimani, Meru, mita 4,566. Chini ni kwingine kokote. Ilboru ni juu, Sekei ni juu, Njiro ni chini, Unga Limited ni chini. Ukishika barabara ya Moshi, kuanzia Tengeru hadi Usa River watu wamegawanywa na lami, wa juu ya barabara na wa chini ya barabara, na maelezo yote ya safari yanaishia hapo. Unaambiwa, "Ukishuka, panda." Mgeni anaganda mlangoni mwa gari, konda anapiga bati, gari linaondoka na mguu mmoja wa mgeni haujakanyaga chini.

Huu mpango ungefaa sana kama mlima ungekuwa unaripoti kazini kila siku. Lakini Juni na Julai Meru anajifunika ukungu, manyunyu yanashuka, tunavaa makoti juu ya makoti, na mji mzima unabaki hauna juu. Ndipo unasikia mazungumzo ya simu namna hii kati yangu na kijana wa toyo niliyemwagiza mzigo:

"Uko wapi?"

"Nipo hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapahapa, kwa mama wa ndizi."

"Mlima uko upande gani kwako?"

"Mlima leo haupo, mzee."

Vituo navyo havisaidii. Utaambiwa shuka Esso, uanze kutafuta sheli ambayo watoto waliozaliwa hapo hawajawahi kuiona. Kambi ya Fisi hutakuta fisi, labda binadamu wa tabia hiyo. Kwa Mrefu nimepita miaka yote na huyo mrefu sijamwona, nadhani alishazeeka akapungua. Na mtu wa Arusha hakubali kwamba hajui njia. Ukimuuliza mahali asipopajua atakuelekeza hivyohivyo, kwa mkono mzima, tena atakusindikiza hatua kadhaa ili upotee ukiwa na uhakika.

Halafu ni watu haohao wanaojua katikati ya Afrika ni wapi! Simama Mnara wa Saa na kamera, dakika haiishi atatokea kijana wa kukuuzia picha za Tingatinga, akuambie hapo ulipokanyaga ni nusu ya safari kutoka Cairo hadi Cape Town. Nilichukua rula ya mkebe wa binti yangu nikaivuta juu ya ramani. Nusu ya ule mstari inaangukia Kongo, magharibi mwetu huko mbali, porini. Nilipomwonyesha yule kijana, akaniambia hiyo ramani yangu ni ya shule ya msingi. Basi nikamwomba anielekeze choo cha kulipia. Akaangaza huku na huku, akasema, "Kama unapanda hivi, halafu uulize."

Madereva wa utalii wanadhani wao wameokoka kwa kuwa simu zao zina dira ndani. Mtu anaifungua pale kwenye kona, inamwambia haina uhakika, aichezeshe kwa kuchora namba nane hewani. Basi unamkuta mwanamume wa futi sita, kofia ya porini, buti za porini, kasimama kandokando ya lami anachora nane angani, nane nyingine, na nyingine, huku Wazungu wake wakimtazama dirishani wakidhani ni mila ya hapa. Mmoja akatoa simu akampiga picha.

Dira ya kweli niliyowahi kuishika mji huu iko Ngarenaro, kwa fundi seremala mmoja, mzee wa Pangani aliyefanya kazi kwenye majahazi ujanani kabla hajaoa mwanamke wa huku na kupandishwa milimani. Anaiweka juu ya rafu, nyuma ya kopo la gundi, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kioo juu. Ndani yake kuna kisahani cha duara kinachoelea kwenye maji maji fulani, kimepauka, herufi zimefifia. Ukikigeuza kisanduku, kisahani hakigeuki nacho. Kinatikisika kidogo, kinakataa, kinarudi kulekule kilikokuwa kinatazama. Niligeuza tena na tena mpaka mzee akaniambia nikiweke chini, si tambara la kuchezea.

"Shikamoo mzee, lakini hii inakuambiaje njia ya Unguja?"

"Haijui Unguja wala Tanga," akasema. "Inajua kaskazini, basi. Wewe ukipotea usiisingizie."

Akanieleza kwamba kwao pwani hata upepo una upande wake, kaskazi ikivuma kutoka kaskazini Desemba hadi Machi, kusi ikija na masika kutoka kusini, na wao wakipanga safari kwa hizo mbili. Aliyekosa kaskazi ya kumrudisha alikaa ugenini hadi aitwe mkwe. Huku bara, anasema, upepo unavuma kutoka popote, hauna adabu. Alipokuwa akisema hayo kisahani kikaanza kwenda kando chenyewe. Nikashtuka. Mzee hakushtuka, alinyoosha mkono akaondoa nyundo niliyokuwa nimeilaza pembeni, na kisahani kikarudi mahali pake. Chuma kikikaribia, dira inachanganyikiwa. Kumbe ndiyo maana zile za maofisini zinayumba, zote zimetundikwa juu ya kabati za chuma.

Na si nyundo tu. Miamba ya volkano nayo ina madini ya sumaku, na Meru ni volkano, iliwahi kutoa moshi na majivu hata mwaka 1910. Watoto wa huku tulilijua hilo bila kitabu. Tulikuwa tunavunja spika mbovu, tunatoa sumaku, tunaiburuta kwenye mchanga mweusi wa mtoni mpaka inaota ndevu. Kwa hiyo mlima wenyewe tunaoutegemea kutuonyesha kaskazini una uwezo wa kuiyumbisha sindano ya aliyeukaribia na dira yake. Sijui nani alipanga mambo hivi. Labda ndiyo maana wanaoupanda kutoka geti la Momella hawaachiwi na dira zao, wanapewa askari mwenye bunduki. Najua, wanasema askari ni kwa ajili ya nyati.

Mzee wa Pangani kisanduku chake siku hizi kina kazi moja tu, kuwasuluhisha vijana waliohamia chumba kipya wasijue kibla. Kutoka Arusha, Makka iko karibu kaskazini kamili, imeegemea mashariki nyuzi kama saba hivi, na Meru kutoka mjini anasimama kaskazini mashariki kidogo. Jirani yangu akitandika mswala na mimi nikielekezwa kwenda Ilboru, wote tunatazama huko huko. Yeye anafika.

Nimeacha mwisho kikundi chetu cha kufa na kuzikana, kwa sababu kila nikikikumbuka presha inapanda. Kikundi hiki kimezika watu vizuri kwa miaka mingi bila dira yoyote. Mtu akifa, kunapigwa simu, turubai linakuja, sufuria zinakuja, wali unaiva, marehemu anazikwa, wafiwa wanashika mchango wao. Lakini mwenyekiti akatuambia tusajili kikundi ili tufungue akaunti benki, na kusajili kunataka katiba. Katibu akaenda steshenari. Kijana wa steshenari akamwambia asihangaike, yeye anazo katiba kwenye kompyuta, anabadilisha jina tu, shilingi mia tano kwa ukurasa pamoja na kuchapa.

Tukaitwa kuipitisha. Katibu akasimama chini ya mwembe akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Dira ya Kikundi. Kuwa kinara wa huduma za mazishi Afrika Mashariki na Kati, kwa kuwavutia wateja wengi zaidi kutoka ndani na nje ya nchi." Mzee mmoja akaguna. Katibu akaendelea: "Dhamira. Kumpatia kila mteja huduma isiyosahaulika itakayomfanya arudi tena."

Watu wakatazamana. Bila shaka ile katiba ilikuwa ya hoteli.

"Malengo ya muda mrefu," akasema katibu, jasho limeanza. "Ifikapo mwaka 2050, kila mwanachama awe amenufaika kikamilifu na huduma za kikundi."

Hapo mama wa ndizi akainuka, kanga akaifunga upya kiunoni. "Baba katibu, nisaidie. Huduma ya kikundi ni kuzikwa. Unaniambia hadi 2050 sote humu tuwe tumezikwa?"

"Mama, hiyo ni dira tu."

"Dira ya nani? Mimi mwaka huo nina wajukuu wa kuwaoza."

Mwenye mtoto mchanga akauliza kama mtoto naye amehesabiwa. Wa chumba cha kwanza akamkumbusha kwamba kwenye bili ya maji mtoto huyo si kichwa. Kukawa na kelele. Mwenyekiti akagonga chupa ya soda kwa ufunguo, akasema kurasa zote zimeshachapwa na kulipiwa, na hela ya mfuko wa msiba haichezewi, hivyo kubadilisha ukurasa mmoja ni mia tano na anayetaka mabadiliko ndiye atakayelipa. Mama wa ndizi akafungua fundo la kanga, akatoa mia tano, akaiweka mezani. "Andika 2075," akasema. Kabla katibu hajashika kalamu, yule mgeni aliyekuja kusalimia kwa wiki moja akanyoosha mkono kutoka nyuma na kuuliza kama akiongeza mia mbili yake inaweza kufika 2090.